Kichanga wa bluu: kumwangalia moyo kwa ultrasaundi kitandani kwake

Mtoto ana kilo 3, alilia vizuri alipozaliwa, eksirei ya kifua ni safi, lakini ulimi ni wa bluu na oksijeni ya puani haimsaidii. Shuku moyo. Nawaandikia wenzangu wa wodi za watoto wachanga wenye mashine ya ultrasaundi lakini bingwa wa moyo yuko mbali.

Hatua ya 1. Pima oksijeni ya damu mkono wa kulia, kisha mguu. Chini ya asilimia 90 popote, usingoje kurudia kipimo. Papasa mapigo ya kinena. Yakiwa hafifu na ya mkono yana nguvu, huenda aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, imebana.

Hatua ya 2. Weka chupa ya jeli kwenye maji ya uvuguvugu. Jeli ya baridi humliza mtoto, akilia oksijeni inashuka na picha inavurugika. Mimi humwomba mama asimame kichwani, amwekee kiganja utosini. Mtoto hutulia kweli.

Hatua ya 3. Weka probu ndogo, kile kipande cha mashine kinachoshikwa mkononi, chini ya chembe cha moyo bila kukandamiza, maana tumbo likibonyezwa anahema kwa shida. Hakikisha ini liko kulia. Inamisha probu, uelekeze miale kifuani hadi uone vyumba vinne. Upande wa kulia kuwa mnene kidogo ni kawaida kwa siku hizi za mwanzo.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Fuata mshipa unaotoka chumba cha chini cha kushoto. Ukigawanyika mapema, tawi moja kila pafu, huo si aota, ni mshipa wa mapafu: mishipa mikuu imebadilishana. Kwa kawaida miwili hii hupishana; hapa huenda sambamba kama reli. Mara ya kwanza nilidhani nimeshika probu vibaya. Nikaigeuza, nikarudia, reli zikabaki pale pale.

Hatua ya 5. Usingoje picha kamili ndipo uanze dawa. Mtoto huyu anategemea daktasi, njia kati ya aota na mshipa wa mapafu, nayo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Anza dripu ya prostaglandini E1, dawa ya kuiweka njia hiyo wazi, mikrogramu 0.01 hadi 0.05 kwa kilo kwa dakika. Kwa kilo 3, kipimo cha 0.01 ni mikrogramu 1.8 kwa saa. Mwenzako akague hesabu. Dawa hii inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo ambubegi, mfuko wa kumpumulisha kwa mkono, na maski viwe kitandani, si kabatini. Oksijeni ya damu ya asilimia 75 hadi 85 inamtosha.

Hatua ya 6. Piga simu ya rufaa dripu ikiwa inakwenda. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mishipa ikiwa imebadilishana na oksijeni haipandi, sema hivyo mwanzoni kabisa: huenda tundu kati ya vyumba vya juu ni dogo mno na linahitaji kupanuliwa kwa puto upesi. Tuma video fupi za vyumba vinne na za mishipa. Safarini awe na joto, sukari ipimwe, na dripu ya prostaglandini iwe na mshipa wake peke yake.