Divai nyeupe nzito kwa Chenin Blanc (aina ya zabibu nyeupe) ya Dodoma

Kwa lita 20 andaa kilo 30 za zabibu. Zichume alfajiri, sukari ikifika Brix (kipimo cha sukari kwenye juisi) 22 hadi 24. Zikiwa changa divai itakuwa nyepesi na yenye asidi kali. Toa vikonyo, kamua taratibu (mbegu zikisagika huleta uchungu), kisha changanya gramu 2 za potasiamu metabisalfaiti (dawa ya kuzuia vijidudu na kuharibika). Acha juisi itulie kwenye baridi usiku kucha, hamisha ile safi tu.

Washa gramu 5 za hamira ya divai, si ya mkate, kwenye maji ya nyuzi 37, ndipo uimimine kwenye juisi. Hapa joto la Dodoma ndilo adui: juisi ikipita nyuzi 20 harufu ya matunda hupotea, kwa hiyo zungushia chombo barafu, ibaki 16 hadi 18. Ikinuka yai viza, hamira ina njaa ya naitrojeni.

Uzito wenyewe hutoka kwenye mashapo, yaani hamira iliyokufa na kutuama chini. Uchachu ukiisha baada ya wiki 2 au 3, hamisha divai pamoja na mashapo laini, koroga mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Jaza chombo hadi shingoni. Hewa ikiingia, divai hugeuka kahawia.