Kuyeyusha na kusafisha mafuta ya ng'ombe kwa ajili ya sabuni (isije ikanuka supu)

Sabuni yangu ya kwanza ya mafuta ya ng'ombe ilitoka ngumu, imekatika vizuri, kwa macho huna cha kuilaumu, shida ukishaoga unanukia supu. Shemeji yangu alinawa nayo mikono akainusa akaniuliza hii ni sabuni au makongoro, nikaishia kudekia nayo stoo mpaka ikaisha. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba mafuta yenyewe hayana kosa, kinachonuka ni vilivyobaki ndani yake, vinyama, damu, zile ngozi nyembamba, na zaidi ya vyote mafuta kuungua. Kwaio hapa ntaongea zaidi kusafisha kuliko sabuni yenyewe, maana watu wengi wanarukia kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) wakati mafuta bado machafu.

Tuanze bucha. Mwambie muuza nyama mapema akuwekee yale mafuta yanayozunguka figo, usichukue yoyote tu. Ya figo ni makavu, meupe, ukiyafinya yanavunjikavunjika kama chaki, na yakiganda yanakuwa magumu kuliko mafuta mengine ya ng'ombe. Yale ya juu ya nyama nayo yanafaa ila ni laini kidogo na yanakuja na nyama nyingi, utapata kazi ya kuyatenganisha. Nusa kabla hujalipa. Mafuta yaliyokaa mezani tangu jana yakaanza kuchacha usiyachukue hata ukipewa bure, ile harufu ya kuchacha haitoki kwa kuchemsha, nimejaribu. Mafuta ya mkia wa kondoo yana harufu yake kali, kama ndo mara ya kwanza achana nayo. Kitimoto nayo inatoa mafuta meupe mazuri tu na sabuni laini, lakini kama unagawia au unauzia watu sema wazi umetumia mafuta gani, wengi wanaoniuliza swali lao la kwanza ni hilo na wana haki yao.

Ukifika nyumbani yatie friji masaa mawili matatu yakaze, yakiwa na joto yanateleza kwenye kisu. Toa kila chekundu unachokiona, mishipa, damu, nyama, afu katakata vipande vidogo kama punje za maharage. Au muombe yule wa bucha akupitishie kwenye mashine ya kusagia nyama, hiyo ndo njia ya mkato, mi siku hizi nafanya hivyo na kazi ya kuyeyusha imepungua karibu nusu. Sababu ya kuwa vidogo ni kwamba pande kubwa linaungua nje wakati ndani halijaanza hata kuyeyuka.

Kuna wanaoyeyusha makavu bila maji, kama unavyokaanga. Ni haraka, na kwa chakula sina neno, ila kwa sabuni mi sipendi kwa sababu ukizubaa dakika chache tu chini kunabadilika rangi na ndo harufu ya nyama choma imeshaingia mafuta yote. Natumia maji. Kilo 2 za mafuta, lita 1 ya maji, vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Maji yakiwepo chini, mafuta hayapati joto la kuungua, maana maji yenyewe hayazidi nyuzi 100. Chumvi inayafanya maji yawe mazito zaidi kwa hiyo yanajitenga vizuri na mafuta, na inasaidia ule uchafu wa nyama ushuke chini.

Moto uwe mdogo, yaani mdogo kweli. Kama ni mkaa subiri ukolee ufunike na majivu, kama ni gesi weka ya mwisho kabisa. Itoe vipovu vya taratibu, isichemke kama ugali. Usifunike kabisa, koroga kila baada ya muda, na panga masaa mawili mpaka matatu. Fanyia nje kama unaweza, majirani watakushukuru. Ukiona maji yanapungua ongeza ya moto kidogo kidogo pembeni ya sufuria, ya baridi usithubutu, maji yakikutana na mafuta ya moto yanaruka na yanachoma vibaya. Na ikitokea mafuta yameshika moto funika na mfuniko, zima jiko, usimwagie maji hata tone. Watoto wakae mbali.

Vipande vikishasinyaa vikawa vya kahawia vinaelea, epua. Acha ipoe kidogo, chuja kwanza kwenye chujio la kawaida, afu mara ya pili kwenye kitambaa cha pamba, kanga iliyochakaa inafaa sana. Yale makapi usiyaminye juu ya mafuta yako mazuri! Yaminye kwenye chombo kingine, hayo mafuta ya kuminya yanakuwa na ukungu ukungu, mi natengenezea sabuni ya kufulia matambara. Na makapi yana chumvi, usiwamwagie kuku.

Sasa acha usiku kucha. Hapa mahali ulipo kuna tofauti. Nilipokuwa Makambako kwenye ile baridi, asubuhi nakuta limeganda pande moja nalinyanyua kama mfuniko, Dar linaganda ndio lakini linabaki laini linamegekameguka, kwaio naliingiza friji masaa kadhaa kabla sijaligusa. Ukilinyanyua utaona kule chini maji ya kahawia na kitu kinachotetemeka kama supu ya kongoro iliyoganda. Hiyo ndo ilikuwa inaninukia. Geuza pande lako, kwangua ile sehemu ya chini na kisu mpaka ubaki na nyeupe tupu. Usionee huruma kale katabaka, unapoteza gramu chache unaokoa sabuni nzima.

Wengi wanaishia hapo. Mi niliishia hapo ile mara ya kwanza na matokeo nshakwambia.

Rudia. Vunja pande, rudisha sufuriani, maji mapya kiasi kama nusu ya mafuta, chumvi kijiko, chemsha taratibu kama nusu saa, gandisha tena, kwangua tena. Utashangaa maji ya pili nayo yanatoka machafu wakati mafuta yalionekana safi. Ya figo mi huwa naosha mara tatu, yale ya nyama yanaweza kwenda nne. Kipimo sio idadi, angalia yale maji ya chini, yakitoka maangavu umemaliza. Kingine, chukua kidogo yapashe kwenye kijiko ndo unuse, mafuta yakiwa ya baridi yanaficha harufu, halafu ukija kuyayeyusha siku ya sabuni ndo yanakuumbua.

Wengine wanasema weka vipande vya viazi, sijui ndimu. Viazi nilijaribu mara moja, sikuona tofauti yoyote zaidi ya kupoteza viazi.

Ukimaliza kuosha lazima utoe maji yaliyobaki ndani, yakibaki mafuta yanaota ukungu na kuchacha, na kwenye sabuni vipimo vyako vinakuwa vya uongo kwa sababu unapima maji ukidhani mafuta. Yafute kwanza lile pande na kitambaa kikavu, liyeyushe peke yake kwa moto mdogo. Litakuwa linapasukapasuka kwa sauti, hayo ni maji yanatoka, likinyamaza likawa kimya na mafuta yanaangaza mpaka unaona chini ya sufuria, epua. Usiende kuangalia simu hapo, sasa hivi hakuna maji ya kuyalinda na yanaweza kuungua. Chuja mara ya mwisho, mimina kwenye vikopo vikavu vyenye mfuniko, andika tarehe. Kilo 2 za figo mi hupata kama kilo moja na nusu hivi, za mafuta ya nyama inapungua. Weka friji au mahali pa baridi pasipo na mwanga. Na vyombo vifute na karatasi kwanza ndo uoshe kwa maji ya moto, ukimwaga mafuta kwenye sinki yanaganda kwenye bomba na fundi utamlipa wewe.

Kwenye sabuni, mafuta ya ng'ombe yanatoa ugumu na kudumu, ila povu lake dogo, ndo maana nachanganya na mafuta ya nazi. Gramu 700 za ng'ombe, 300 za nazi, kostiki soda gramu 145, maji gramu 300, vyote vipimwe kwenye mizani ya jikoni na sio kwa kikombe. Hapo kama asilimia 5 ya mafuta inabaki bila kuliwa na soda, ngozi inaipenda. Vaa glavu na miwani, soda ndo inaingia kwenye maji, sio maji kwenye soda, fanyia penye hewa. Na ile sufuria ya aluminiamu uliyoyeyushia mafuta usiitumie hapa, soda inaila na inatoa gesi inayoshika moto, tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua. Mafuta ya ng'ombe yakipoa sana yanaanza kuganda kabla hujamaliza kukoroga ukadhani sabuni imeshika, kumbe bado, kwaio yachanganye yakiwa kama nyuzi 45 hivi. Kata kesho yake au kesho kutwa ukiwa na glavu bado, panga vipande kwa kuachana penye kivuli na upepo, na usiogee kabla ya wiki 4.