"Anaendelea vizuri" si kipimo: namna ya kupima matokeo ya mgonjwa aliyepasuliwa ubongo

Huku pwani salamu hutangulia taarifa. Piga simu Makorora, mtaa wa hapa Tanga, uulize, "Habari za mzee?" Utajibiwa, "Nzuri, alhamdulillahi." Nusu dakika baadaye ndipo utaambiwa, "Ila tulimzika Jumanne." Sitii chumvi, yamenikuta. Nilikuwa tayari nimeshika kalamu kuandika "anaendelea vizuri".

Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Nafuatilia wagonjwa wetu waliopasuliwa ubongo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, kisha wakarudi kwao Ngamiani, Pangani, Muheza au milimani Lushoto. Daktari bingwa aliyempasua huona mshono na picha ya CT scan. Kama mgonjwa anajua bado njia ya kwenda msikitini, hilo tunaliona sisi wa huku. Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au mtaalamu wa viungo anayetaka kupima jambo hilo kwa daftari na simu tu.

Hatua ya 1: Andika alivyokuwa kabla

Huwezi kusema amepona kiasi gani kama hujui alianzia wapi. Unahitaji hali mbili, na watu wengi huandika moja. Ya kwanza ni hali yake siku ya kuingia chumba cha upasuaji: alama za Glasgow za kujitambua (GCS), mboni za macho, upande uliolegea. Usiandike "GCS 10" ukaishia hapo. Macho yana alama 4, kusema 5, mwili 6, na kumi zinaweza kupatikana kwa njia nyingi. Andika E3 V2 M5 (E ni macho, V kusema, M mwili), ili atakayesoma ajue kwamba tatizo kubwa lilikuwa kwenye kusema.

Hali ya pili ni maisha yake kabla ya ugonjwa au ajali. Alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa anatembea mwenyewe? Bibi wa miaka 80 aliyekuwa akishikwa mkono hata kabla damu haijavia kichwani, akirudi kushikwa mkono, upasuaji haukumharibu. Usipoiandika hali hii mapema, miezi sita baadaye hakuna atakayeikumbuka sawasawa.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja kikuu

Vipo vingi, na kila mkubwa wa idara ana chake. Kwa walioumia kichwa, na huku kwetu bodaboda ndiyo inayotuletea wengi, mimi natumia kipimo cha matokeo cha Glasgow. Cha awali, cha Jennett na Bond wa mwaka 1975, kina ngazi tano: amefariki, yuko hai bila kujitambua, ana ulemavu mkubwa, ana ulemavu wa wastani, amepona vizuri. Kilichopanuliwa, GOSE, kina ngazi nane kwa sababu zile tatu za juu zimegawanywa mbilimbili. Kwa waliotolewa uvimbe, madaktari wengi hupenda kipimo cha Karnofsky, kinachokwenda kumi kumi hadi 100: mwenye 70 anajihudumia mwenyewe lakini hawezi kazi yake. Kwa waliovuja damu kwenye ubongo kuna kipimo cha Rankin, 0 hadi 6.

Hapa kuna mtego. Kwenye GOSE 1 ni kifo na 8 ndiyo afya. Kwenye Rankin 0 ndiyo afya na 6 ni kifo. Nimeona daftari limechanganya vyote viwili kwenye safu moja, marehemu wakawa ndio waliopona. Andika jina la kipimo kando ya kila namba.

Hatua ya 3: Funga tarehe

Siku ya 30, mwezi wa 3, mwezi wa 6. Ubongo huendelea kujirekebisha kwa miezi mingi, kwa hiyo aliyepimwa wiki ya tano na aliyepimwa mwezi wa kumi hawalinganishwi. Ruhusu wiki mbili za kuteleza kwa miezi 3 na 6, zaidi ya hapo andika kuwa umechelewa.

Hatua ya 4: Chukua namba tatu za simu

Namba iliyo kwenye faili mara nyingi ni ya mjomba wa Dar aliyesimamia malipo, na hajamwona mgonjwa tangu mgonjwa apande basi. Chukua ya mgonjwa, ya anayelala naye nyumba moja, na ya jirani au balozi wa mtaa. Omba idhini ya kupiga hapo hapo, kabla hajaruhusiwa.

Hatua ya 5: Uliza matendo, usiulize hali

Hatua hii ndiyo kazi yenyewe. Maliza salamu zote kwanza, usizikate. Kisha shuka ngazi kwa ngazi.

Anza na nyumbani: "Mama, kuna kitu baba anahitaji mtu amsaidie kila siku? Kuoga, kuvaa, kula?" Akisema ndiyo, uliza: "Mkiondoka asubuhi mkarudi alasiri, yaani kwa muda wa saa nane hivi, anaweza kubaki peke yake?" Kama hawezi, ni ngazi ya 3 ya GOSE. Kama anaweza, ni ya 4.

Kama hahitaji msaada nyumbani, toka nje. GOSE inauliza kuhusu kununua vitu na kusafiri karibu na nyumbani. Mimi nauliza: "Ukimpa elfu kumi aende Mgandini kununua samaki na nazi, atarudi na vitu vyenyewe na chenji kamili?" Hapo kuna wazee watakaokujibu kwamba hawajaenda sokoni tangu waoe. Sawa, kipimo kinataka kujua kama anaweza, hata kama si desturi yake. Asiyeweza, na kabla aliweza, anabaki kwenye 4.

Ndipo uje kwenye kazi, na hapa ndipo nilipowahi kukosea vibaya. Mtoto wa fundi cherehani wa Ngamiani aliniambia, "Baba karudi kazini." Nikaandika 8. Siku moja nikapeleka kitambaa kwake. Alikuwa amekaa kwenye cherehani ileile, anapinda pindo za suruali. Kukata na kupima alimwachia kijana, maana namba zilikuwa zinamkimbia kati ya futi na daftari. Huyo amerudi kazini kwa uwezo uliopungua, ni 6. Asiyeweza kazi kabisa, lakini anajitegemea kwa mengine, ni 5. Kwa hiyo usiulize "Amerudi kazini?" tu. Uliza: "Anafanya yaleyale, kwa kiasi kilekile?"

Mwisho uliza kuhusu hasira, usahaulifu, kuumwa kichwa, kujitenga na marafiki. Haya mgonjwa mwenyewe huyaficha au hayajui, mke ndiye anayeyaishi. Mama mmoja aliniambia mumewe sasa anasali na kijana wa kumhesabia rakaa. Kwenye kipimo hakuna kisanduku cha rakaa, lakini jibu lile lilinipa sababu ya kuuliza vizuri kuhusu kumbukumbu. Andika maneno kama yalivyosemwa, kando ya namba.

Hatua ya 6: Matatizo ya upasuaji

Haya yapite haraka: mshono kutoa usaha au maji, homa, kifafa kipya, kurudishwa chumba cha upasuaji na tarehe yake. Kwa mzee aliyetolewa damu iliyovia taratibu, uliza kama kichwa kimeanza kuuma upya au mguu unaburuzwa, kwani damu ile huweza kurudi. Kwa mtoto aliyewekewa shanti, yaani mrija wa kupunguza maji kichwani, kutapika, kulala mno au utosi kuvimba si swali la daftari. Kata simu ya utafiti, mwambie mama aje hospitali leo.

Hatua ya 7: Hesabu na wasiopatikana

Tuseme ulikuwa na wagonjwa 20. Umewapata 12, na 9 kati yao wamepona vizuri. Kishawishi ni kuandika asilimia 75. Lakini wale 8 wako wapi? Kama wote wana hali mbaya, waliopona ni 9 kati ya 20, asilimia 45. Kama wote ni wazima, ni 17, asilimia 85. Andika zote mbili, na useme wanane hawakupatikana. Huku kwetu simu isiyopokelewa ina maana nyingi: laini imebadilishwa, mtu yuko shambani Handeni, au matanga yamekwisha na simu imeuzwa.

Kabla ya kufunga hesabu, mimi hupanda baiskeli nikawatafuta wale wa mjini, na wa wilayani huomba wahudumu wa afya ya jamii wapite kuuliza. Mwaka jana niliyempata wa mwisho alikuwa Raskazone, anavua kwa mshipi. Namba yake kwenye faili ilikuwa na tarakimu moja pungufu.