Besi wa kiangazi: kumvua na kumrudisha majini akiwa hai

Mwezi wa Julai na Agosti maji ya juu kwenye mabwawa ya kusini mwa Marekani, kuanzia Texas hadi Tennessee, hufika nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi. Besi mwenye kinywa kipana, samaki wa maji matamu, bado anakula vizuri katika joto hilo. Taabu yake huanza akishanaswa. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo: yakiwa nyuzi 20 huweza kushika takriban miligramu 9 kwa lita, yakiwa nyuzi 30 hubaki 7 na nusu. Samaki naye joto la mwili wake hufuata maji, kwa hiyo anahitaji oksijeni nyingi zaidi wakati uleule inapopungua. Aliyepigana dakika nne kisha akakaa juani dakika mbili apigwe picha anaweza kuondoka akiogelea, akafa kesho yake mahali ambapo hutamwona kamwe.

Ndiyo maana safari ya kiangazi hupangwa kuanzia mwisho wake. Ukubwa wa mshipi, aina ya ndoana na saa ya kutoka nyumbani, vyote vichague ukifikiria utakavyomwachia. Hata mwenye nia ya kitoweo hawezi kukwepa jambo hili, kwa sababu sheria nayo humlazimisha kurudisha baadhi ya samaki. Texas, kwa mfano, kanuni ya jumla ni besi 5 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14 (sentimita 35 na nusu), na baadhi ya mabwawa yana vipimo vyake. Leseni huhitajika kwa mwenye miaka 17 na kuendelea. Soma kanuni za bwawa lenyewe kabla ya kushusha boti.

Kipima joto cha botini kwa kawaida huonyesha Farenhaiti: 80 ni sawa na nyuzi 27, 85 ni 29, 90 ni 32. Maji yakishapita 27, kila kosa dogo lina gharama.

Saa na mahali

Kuanzia kunapopambazuka hadi saa 3 asubuhi besi huwa karibu na ukingo: kwenye majani ya majini, chini ya gati, penye miti iliyozama. Hapo chambo cha juu ya maji hufanya kazi, na chura wa mpira hupita vizuri juu ya majani mazito. Jua likipanda, samaki wengi husogea kwenye kivuli kizito au hushuka kwenye vina, hasa kwenye ncha za nchi kavu zinazoendelea chini ya maji, vilima vilivyozama na kingo za mkondo wa mto wa zamani.

Kushuka huko kuna mpaka. Kiangazi bwawa hugawanyika: maji ya moto juu, ya baridi chini, na kati yao tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla. Chini ya tabaka hilo oksijeni huwa haba sana, na besi hakai huko. Ongeza nguvu ya kipima kina utaliona kama utepe hafifu uliolala, mara nyingi kati ya mita 5 na 9. Ukiliona kwenye mita 6, usipoteze muda kuvua mita 10. Tafuta mahali ambapo kilima au ukingo unakutana na kina hicho au kilicho juu yake kidogo.

Mabwawa ya mto Tennessee yana jambo lake. Mitambo ya umeme ikifunguliwa, maji hutembea na besi hujipanga kwenye kingo za mkondo wakisubiri vidagaa vinavyosukumwa. TVA, shirika linaloendesha mabwawa hayo, hutangaza ratiba ya kufungulia maji. Saa moja ya mkondo mara nyingi hushinda asubuhi nzima ya maji yaliyotulia.

Zana zinazofupisha pambano

Mshipi mwembamba huonekana kama ufundi, lakini kiangazi unamchosha samaki bure. Misuli yake hujaa asidi kadiri anavyopigana, na kupona huhitaji oksijeni ambayo haipo. Tumia mshipi wa fluorokaboni (aina ya plastiki) wa ratili 15 hadi 17 mahali pa wazi, na mshipi wa kusukwa wa ratili 50 kwenye majani. Fimbo iwe ngumu kiasi, yenye urefu wa futi 7. Kaza breki ya rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, ili samaki wa kilo mbili afike botini chini ya dakika moja.

Chambo cha kutegemewa vinani ni mnyoo wa plastiki wa inchi 10, rangi ya zambarau iliyoiva au kijani cha boga, kwenye ndoana namba 5/0. Mbele yake weka risasi yenye umbo la tone, gramu 7 kwenye kina kifupi, 14 vinani au kukiwa na upepo. Ncha ya ndoana ifiche ndani ya plastiki isikamate majani. Tupa, acha ifike chini, inua fimbo taratibu kama sentimita 30, kisha iache ishuke mshipi ukiwa umenyooka. Wengi hudonoa wakati wa kushuka.

Ukihisi mguso au ukaona mshipi unatembea kando, kunja mshipi uliolegea na ukaze papo hapo. Kusubiri "ameze vizuri" ndiko kunakopeleka ndoana kooni. Bana kwa koleo chembe zote, yaani vijimwiba vinavyozuia ndoana kuchomoka, na kwenye chambo chenye ndoana mbili za makucha matatu ondoa moja ukiweza.

Sekunde za botini

Koleo la mdomo mrefu na mkasi viwe mkononi kabla hujatupa mara ya kwanza. Wavu uwe wa mpira, usio na mafundo. Wavu wa nailoni hukwangua ute unaomkinga na maradhi na kuchana mapezi yake. Lowesha mikono. Mtoe ndoana akiwa bado majini ndani ya wavu. Ukimwinua, mshike mdomo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, alale sambamba na maji. Samaki mzito akining'inizwa kwa taya iliyopindishwa huumia maungio ya taya. Asilazwe kabisa juu ya zulia la boti lililochemka kwa jua. Nje ya maji sekunde 30 zinatosha: mwenye kamera awe tayari kwanza, ndipo samaki ainuliwe.

Ndoana ikiwa kooni usivute. Legeza mshipi, pitisha koleo taratibu kupitia uwazi wa matamvua bila kuyagusa, shika shingo ya ndoana na uigeuze kichwa chini; mara nyingi itachomoka yenyewe. Ikikataa mara moja, kata mshipi karibu na ndoana umwachie. Kwa ajili hiyo usitumie ndoana za chuma cha pua, maana hazichakai upesi. Akitoka damu nyingi kwenye matamvua na kipimo chake kinaruhusiwa, huyo ndiye wa kitoweo. Kumwagia soda kwenye jeraha hakumsaidii.

Ukilazimika kumweka kwenye tangi

Kiangazi bora kumwachia palepale. Tangi la boti la kuwekea samaki hai ni kwa mashindano tu, na hata huko desturi ya kurudisha samaki ina umri mrefu: Ray Scott, mwanzilishi wa B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi cha Marekani, aliiingiza kwenye mashindano yake mwaka 1972.

Tangi la lita 120 lijaze asubuhi, maji yakiwa bado ya ubaridi. Pampu ya hewa ifanye kazi muda wote, si kwa vipindi. Maji yakipita nyuzi 27 tumia barafu: chupa mbili za lita mbili zilizogandishwa hushusha tangi hilo kwa karibu nyuzi 3, na hicho ndicho kiasi unachotaka. Usishushe zaidi ya 5 chini ya joto la ziwani, kwa sababu samaki atarudi kwenye maji ya moto na mshtuko huo nao humuua. Barafu ibaki ndani ya chupa ili klorini ya bomba isiingie tangini. Ongeza chumvi isiyo na madini joto, gramu 3 kwa lita, yaani gramu 360. Damu ya samaki ina chumvi kuliko maji matamu, na akiwa na msongo hupoteza chumvi hiyo kwenye matamvua. Ya tangini hupunguza upotevu. Kila baada ya saa 3 badilisha nusu ya maji, kisha rudisha barafu na chumvi kwa kipimo.

Aliyetoka mita 6 au zaidi anaweza kuanza kuelea ubavu ndani ya tangi. Besi hana njia ya kutoa kupitia koo hewa ya kibofu kinachomsaidia kuelea, na hewa hiyo hupanuka anapopandishwa. Ukimwachia akiwa hivyo, jua na boti zitammaliza. Dawa yake ni sindano ya geji 18, ndefu sentimita 3 hivi, safi. Kwanza hakikisha sheria ya jimbo inaruhusu, na mara ya kwanza fanya mbele ya anayejua. Mlaze ubavu majini. Vuta mstari wa kufikirika kutoka penye mwanya kati ya sehemu mbili za pezi la mgongo hadi tundu la haja. Kwenye mstari huo, magamba machache chini ya mstari wa ubavuni, ingiza sindano chini ya gamba hadi mapovu yatoke. Akianza kujisimamisha wima, chomoa. Usimkamue hewa yote, atazama kama jiwe. Sindano ikizibwa na nyama, chukua nyingine.

Kenya, besi wa Naivasha, aliyeletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, hahitaji sindano hiyo mara nyingi kwa sababu ziwa ni la kina kifupi. Kanuni za mikono, wavu na sekunde zinamhusu vilevile.

Kumwachia, nenda kwenye maji ya wazi yenye kina na mawimbi kidogo, mbali na gati lenye maji ya uvuguvugu na mafuta ya injini. Mshike wima, kichwa kikielekea upepo. Usimsukume mbele na nyuma, maana matamvua yameumbwa kupokea maji kutoka mdomoni. Akipiga mkia mfungulie mkono. Kisha zima injini na ukae pale dakika tano ukitazama juu ya maji; akiibuka ubavu, mfuate kwa wavu ushughulikie kibofu.