Kumkinga mgonjwa wa kiharusi na vidonda vya kulalia

Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: ubavu mmoja, chali, ubavu wa pili. Upande uliopooza mara nyingi hauna hisia, kwa hiyo usimngoje alalamike. Mlaze upande huo kwa muda mfupi zaidi. Andika saa na upande kwenye karatasi ukutani, anayepokea zamu asibahatishe.

Akiwa ubavu, mwegemeze nyuzi 30 tu, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Ukimlaza ubavu kamili, uzito wote huangukia mfupa wa nyonga. Akiwa chali, weka mto chini ya mashavu ya miguu hadi visigino vining'inie bila kugusa godoro. Kumburuta huchubua ngozi. Mnyanyueni watu wawili kwa shuka lililokunjwa chini yake.

Kila mgeuzo, kagua mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo na masikio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: tafuta pahali palipokolea rangi, penye joto au pagumu kuliko pembeni. Ukipaona, usipasugue wala kupakanda, maana nyama ya chini imeshaumia. Asipalalie kabisa. Rangi isiporudi, au ngozi ikichubuka, mwite muuguzi.

Akijikojolea, msafishe papo hapo kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mazito ya mgando. Pete za mpira za kukalia ziacheni. Hubana damu kuzunguka pale pale mnapopalinda.