Kuziba banda la kuku dhidi ya wanyama wa usiku: mwongozo kwa wafugaji wa Dodoma na Singida

Kicheche, kanu, fungo, paka mwitu, panya, nyoka, mbwa wa mtaani na mwizi wa miguu miwili wana njia tatu tu za kuingia banda la kuku: chini ya ukuta, juu chini ya bati, na mlangoni. Ukiziba hizo tatu, habari ya mtego na sumu inakwisha yenyewe. Vipimo vilivyo hapa ni vya banda la mita 2 kwa 2, linalotosha kuku 20 wa kienyeji wanaoshinda nje na kuingia kulala tu. Kama kuku ni 40, jenga mita 2 kwa 4. Usiwabananishe.

Hatua ya 1: Mjue anayeingia

Usinunue chochote kabla ya kusoma alama.

Kuku watatu wanne wameuawa usiku mmoja, wameng'atwa shingo au kichwa kimeliwa, miili imebaki ndani: hapo ni kanu au kicheche. Kicheche huacha na harufu kali ambayo huwezi kuikosea. Nguchiro naye huua hivyohivyo, ila nguchiro wengi huwinda mchana, kwa hiyo lawama nyingi za usiku anasingiziwa.

Mizoga imetapakaa uani, manyoya kila mahali na nyama haijaliwa sana: mbwa. Kuku mzima katoweka bila tone la damu na mlango uko wazi: anza kumfikiria binadamu. Vifaranga wanapungua wawili watatu kila usiku bila alama yoyote: panya au nyoka. Kuku amekufa hajajeruhiwa, lakini kichwa na shingo vimelowa ute: nyoka alijaribu kummeza akashindwa. Kuku kakatwa kichwa na mwili umebaki kando ya wavu: amevutwa kutoka nje, mnyama hakuingia kabisa.

Kama bado huna hakika, jioni chekecha majivu au mchanga laini kuzunguka banda, upana wa nusu mita. Asubuhi soma nyayo kabla watoto hawajapita. Paka huacha vidole vinne bila kucha. Mbwa ana vidole vinne na kucha zinaonekana. Kicheche na nguchiro wana kucha ndefu zinazochoma mchanga mbele ya vidole. Nyoka huacha mburuzo usio na nyayo.

Hatua ya 2: Safisha mita 3 kuzunguka banda

Nyoka anayekutwa bandani mara nyingi alifuata panya, na panya alifuata pumba na mashudu yaliyomwagika. Kwa hiyo ulinzi dhidi ya swila, yule nyoka anayetema sumu, unaanzia kwenye chombo cha chakula. Toa chakula chote bandani jioni, hifadhi pumba na mashudu ya alizeti kwenye pipa lenye mfuniko, na okota mayai kabla ya giza.

Kisha ondoa lundo la tofali, kuni, mabati ya zamani na magugu ndani ya mita 3. Wanaoishi chini ya vilima vya mawe, ambavyo Dodoma vimejaa hadi katikati ya mji, waongeze hadi mita 5, maana kanu na nyoka wanashinda kwenye nyufa za mawe hayo. Kata pia matawi ya mwarobaini yanayoegemea paa. Kanu ni mpandaji hodari, na tawi hilo ndilo ngazi yake.

Hatua ya 3: Nunua wavu unaofaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, kazi yake ni kuzuia kuku wasitoke. Mbwa huurarua kwa meno, na tundu la inchi moja linapitisha nyoka na panya mdogo. Tafuta wavu uliochomelewa wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, waya uwe mgumu kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kidole gumba haupindi kirahisi.

Kwa banda hili utahitaji takribani:
- wavu wa nusu inchi wenye upana wa futi 3, mita 15
- misumari ya umbo la U, nusu kilo
- misumari ya bati, kilo 1
- waya wa kufungia, kilo 1
- mbao za papi za 2 kwa 2 kwa ajili ya fremu
- makomeo 2, bawaba 3 na kufuli 1
- saruji mfuko 1 wa kilo 50, au 2 kama utamwaga zege na kupiga lipu pia

Kipimo cha kukumbuka wakati wote wa kazi: ncha ya kidole gumba ikiingia kwenye tundu, panya anaingia, na palipopita panya nyoka anapita.

Hatua ya 4: Ziba chini

Una njia mbili. Ya kwanza ni sakafu ya zege. Changanya ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto, mwaga unene wa sentimita 5. Kwa mita 2 kwa 2, mfuko mmoja unakaribia kuisha. Mwagilia maji kwa siku 7 ndipo uingize kuku, vinginevyo jua la huku linaipasua na nyufa zinarudisha panya. Zege pekee haiwasaidii wenye ukuta wa tofali mbichi au wa miti na udongo, kwa sababu panya hutoboa ukuta wenyewe juu kidogo ya sakafu. Nyegere naye ukuta wa udongo anaubomoa.

Njia ya pili, ambayo kwa ukuta wa udongo ni lazima hata kama una zege, ni sketi ya wavu. Fanya hivi:

1. Chimba kuzunguka banda upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 10 tu.
2. Kunja wavu wa futi 3 kama herufi L: sentimita 30 zipande ukutani, sentimita 60 zilale chini kuelekea nje.
3. Pigilia sehemu ya ukutani kila sentimita 15. Kwenye udongo, msumari mtupu hung'oka, hivyo pitisha kipande cha mbao juu ya wavu ndipo upigilie.
4. Kwenye kona nne weka vipande vya sentimita 70 kwa 70. Vipishane na wavu wa pembeni sentimita 10, kisha ufunge kwa waya kila baada ya sentimita 10. Kona ndipo fundi mvivu huacha pengo.
5. Fukia, shindilia, na panga mawe juu.
6. Piga lipu juu ya zile sentimita 30 za ukutani.

Sketi inafanya kazi kwa sababu mnyama anayechimba huja hadi ukuta ulipo ndipo aanze kufukua. Anakutana na wavu, anasogea kulia, wavu, kushoto, wavu. Hana wazo la kurudi nyuma hatua moja na kuanzia mbali. Ndiyo maana wavu uliozamishwa wima sentimita 20 hausaidii, maana anachimba akifuata ukuta hadi anaupita kwa chini.

Usisahau mlangoni. Sketi ipite chini ya kizingiti pia. Nguzo za miti zipake oili chafu sehemu itakayozama ardhini na uziache zikauke siku mbili, kwani mchwa wa Dodoma hawasubiri mwaka wa pili.

Hatua ya 5: Ziba juu

Simama ndani ya banda mchana, mtu afunge mlango nje. Subiri macho yazoee, kisha tazama juu. Kila nuru unayoiona ni njia.

Utaona mstari wa vijidirisha vya nusu mwezi pale bati linapolala juu ya ukuta. Ni migongo ya bati. Kila mgongo unaacha uwazi unaotosha nyoka mwembamba na panya, na bati moja lina migongo kadhaa, kwa hiyo paa dogo kama hili linaweza kuwa na milango zaidi ya ishirini ambayo hakuna aliyeihesabu. Kata vipande vya wavu vya upana wa sentimita 10, vikunje vifuate mgongo, vipigilie kwenye mbao ya juu ya ukuta. Au ziba kwa udaka wa saruji 1 kwa mchanga 4, ukiacha hewa ipite sehemu nyingine. Kuchomeka matambara au viroba ni kazi bure. Panya huvitafuna na kufanyia kiota.

Hewa lazima ibaki. Wafugaji wakishaogopa kicheche hufunga banda zima kwa matofali, halafu mwezi unaofuata kuku wanakohoa kwa harufu kali ya mbolea. Acha dirisha la mita 1.6 kwa sentimita 80 upande wa kaskazini, na mkanda wa hewa wa sentimita 25 juu ya ukuta wa kusini, vyote vikiwa na wavu wa nusu inchi. Wavu upigiliwe upande wa nje wa fremu, ili anayesukuma aukandamize kwenye mbao badala ya kuung'oa. Upepo wa kiangazi wa hapa hutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo ukuta wa mashariki ujengwe wote bila tundu. Juni na Julai, shusha kiroba kwenye mkanda wa kusini usiku. Usiweke jiko la mkaa wala kandili ndani; moto mmoja wa pumba utamaliza kuku wengi kuliko kanu wa mwaka mzima.

Hatua ya 6: Mlango

Mlango wa komeo moja la katikati unapinda kwenye kona ya chini ukisukumwa. Weka makomeo mawili, moja juu na moja chini. Uwazi kati ya mlango na kizingiti usizidi sentimita 1. Ukizidi, pigilia ubao au kipande cha mpira wa tairi kwa chini. Bawaba zifungwe kwa bolti zinazopenya hadi ndani, kwa sababu mwizi mzoefu haangaiki na kufuli, anafungua skrubu za bawaba.

Kile kimlango kidogo cha kuku cha kupandisha na kushusha kiwe na pini ya kukifunga. Bila pini, mbwa hukinyanyua kwa pua.

Hatua ya 7: Vichanja vya kulalia

Kuku 20 wanahitaji mita 4 hadi 5 za kichanja, kwa hiyo weka miti mitatu ya mita 1.8 yenye unene wa sentimita 5. Iwe kimo kimoja, sentimita 70 kutoka sakafuni, umbali wa sentimita 40 kati ya mti na mti, na usiopungua sentimita 40 kutoka kwenye wavu wowote. Hicho cha mwisho ndicho kinachokomesha kuku wanaokatwa vichwa kupitia dirishani.

Mama mwenye vifaranga hapandi kichanjani. Tenga la kufunika halimlindi, maana panya hupenya kati ya fito. Mlaze kwenye sanduku la mbao lenye sakafu ya mbao na mbele pawe na wavu wa robo inchi.

Hatua ya 8: Kazi ya kila jioni

Jua la Dodoma huzama kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi karibu saa 1, kutegemea mwezi. Saa 12 kamili mwaga konzi mbili za mtama au uwele ndani ya banda, kila siku saa hiyohiyo. Kuku wapya, au waliozoea kulala mtini, wafungiwe ndani siku 5 hadi 7 mfululizo wakiwa na maji na chakula. Baada ya hapo wengi watarudi wenyewe. Wachache watakaong'ang'ania mwarobaini wachukuliwe giza likishaingia, hawataleta fujo.

Hesabu. Mulika kona zote na viota kwa tochi kabla ya kuingiza mkono. Swila hutema sumu machoni. Ikitokea, osha macho kwa maji safi mengi na uende hospitali mara moja. Kuchoma tairi au kumwaga mafuta ya taa ili kufukuza nyoka usikutegemee.

Taa ya sola inayowaka mtu akipita inamsumbua mwizi. Kanu ataizoea.

Ukishambuliwa hata hivyo

Aliyekula jana atarudi, mara nyingi usiku uleule unaofuata. Siku hiyohiyo tafuta tundu alilopitia: manyoya yaliyonasa, mikwaruzo, udongo uliolainika. Lizibe kabla ya jioni, na kama huwezi, kuku walale jikoni au stoo. Mizoga ichome au uifukie kina cha nusu mita. Usiitie sumu kama chambo, kwa kuwa itaua mbwa wa jirani na hata kumdhuru mtoto, na kuua au kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama ni fisi au mnyama mwingine mkubwa, toa taarifa kwa ofisi ya kijiji au mtaa ili askari wa wanyamapori aitwe.

Kagua sketi na lipu baada ya mvua kubwa za kwanza, Desemba au Januari, kisha tena mvua zikikatika Aprili. Maji hula udongo chini ya ukuta, na pengo hufunguka palepale ulipopaziba mwaka jana.