Ukurasa wa kuingia kwenye Wi-Fi ukigoma kutokea

Hii ni kwa Wi-Fi za hotelini, uwanja wa ndege na kwingine kokote unakotakiwa kukubali masharti kwanza. Kishikwambi kinasema kimeunganishwa, alama iko pale juu, lakini hakuna kinachofunguka na ule ukurasa wa kuingia hauji. Fungua kivinjari, andika http://neverssl.com (ni http, bila s), kisha ubonyeze kitufe cha kwenda. Ukurasa wa kuingia utajileta wenyewe.

Mtandao wa aina hii hukupeleka kwenye ukurasa wake kwa kuliteka ombi lako la kwanza. Tovuti nyingi siku hizi hutumia https (mawasiliano yaliyofungwa kwa usalama), na kivinjari kikigundua kuna mtu katikati anajibu kwa niaba ya tovuti, kinakataa: unapata onyo la usalama au kiduara kinachozunguka tu. (Onyo hilo usilipite kwa nguvu.) Tovuti ya neverssl.com imeachwa makusudi bila https, kwa hiyo ombi lake linatekeka.

Mbinu hii hukwama kama umewasha VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya siri), au kwenye Android kama umejaza jina la seva kwenye DNS ya faragha (Private DNS, mpangilio wa huduma inayotafuta anwani za tovuti). Zima, ingia, kisha washa tena. Na kama iPad inaonyesha anwani ya IP (namba ya kifaa chako kwenye mtandao) inayoanza na 169.254, ujue ruta haijakupa anwani kabisa. Hapo iambie iPad iusahau mtandao huo (Forget This Network) na uunganishe upya.